Ushuhuda Wangu Juu ya Mashini ya Beni

Jumamosi ile katibu wa depo ya dawa ya kanisa alinikuta nakunja nyaya katika ofisi ya Butembo, akaniomba nisimame kanisani kesho yake nishuhudie kwamba kazi imekwisha. Nilipaswa kukataa. Sababu ya kukataa nilikuwa nayo, tena haikuwa ya kutafuta. Nilikuwa nimetoka Beni siku iliyotangulia, na kabla ya kuondoka huko niliona kwa macho yangu kwamba kazi haijaisha.

Nilimwambia. Siwezi kusema sikumwambia.

"Muzee, pasta amekwisha kutangaza," alisema. "Bageni bako njiani. Weye simama tu, useme inatembea."

"Inatembea, lakini asubui haipandi yenyewe. Inabakia mutu wa kuigusa."

"Nijibu: inapanda ao haipandi?"

"Inapanda, kama mutu..."

"Bon! Inapanda. Ile ya mutu utatengeneza nyuma. Ao unataka niende kumwambia pasta arudishe bageni kwa sababu ya muzee moja na nyaya zake?"

Alicheka, nami nikacheka. Katibu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na hakuelewa nilichokuwa namwambia. Mimi nilielewa. Kwa hiyo lawama simpi yeye.

Nieleze kwanza ilikuwa kazi gani. Kanisa letu lilikuwa na depo mbili za dawa. Kubwa ilikuwa Butembo, huku juu kwenye baridi. Ndogo ilikuwa Beni, chini kwenye joto, kando ya barabara ambako watu huanika kakao. Vituo vya afya vya upande wa Mbau vilichukua dawa zao Beni, na Beni iliomba Butembo. Kwa miaka mingi maombi hayo yalipita kwa phonie, ile redio ya kuzungumza kwa mbali, na phoniste nilikuwa mimi. Nilimaliza sekondari, nikapata diplome ya serikali, sikuendelea. Phonie ndiyo ilikuwa chuo changu. Kila asubuhi niliita Beni, Beni ikaitika, tukasomeana majina ya dawa huku nusu ya Kivu inasikiliza. Mtu wa Mbau akihitaji dawa ya ugonjwa wa aibu, wauza samaki wa Kyavinyonge walijua kabla ya muuguzi wake.

Ndiyo maana kompyuta zilipokuja nilizipenda, ingawa mvi zilikuwa zimekwisha kunijaa. Tuliweka mashini moja Butembo na nyingine Beni, zote mbili za Linux, kwa kuwa haikuwa ya kununua na haikusumbuliwa sana na virusi. Nilijifunza kwa kusoma kitabu cha Kifaransa na kuharibu, kusoma tena na kuharibu tena. Kati ya mashini hizo mbili tulitengeneza kile ambacho wenye kazi hii wanaita VPN, na sisi depo tukaita tuneli. Intaneti ni barabara ya wote, na mzigo unaoupitisha wazi unaweza kuonwa na aliyekaa kando. Tuneli ni bomba lililozikwa chini ya barabara hiyo hiyo. Mdomo mmoja uko Butembo, mwingine uko Beni, na anayepita juu haoni kinachopita ndani. Mdomo huo huwezi kuugusa kwa kidole. Si waya wala kisanduku. Ni mlango ambao mashini inajifungulia yenyewe ndani yake, una jina lake fupi, wg0, na unafunguka kwa amri ya mstari mmoja. Ukifunguka, mtu wa Beni anaona dawa zilizoko Butembo kana kwamba ziko chumba cha pili.

Shida ilikuwa umeme. Depo ya Beni iliishi kwa groupe, yaani jenereta, iliyowashwa asubuhi na kuzimwa kazi zikiisha. Kwa hiyo mashini ilizaliwa upya kila siku, na kila ilipozaliwa ule mlango ulikuwa umefungwa. Hatukutaka mtu wa dawa aandike amri kila asubuhi kama phoniste. Njia ipo. Unaiambia mashini mara moja tu, systemctl enable wg-quick@wg0, na tangu hapo inafungua mlango yenyewe kila inapoamka. Niliandika mstari ule. Nikaizima mashini, nikaiwasha, tuneli ikapanda, yaani mlango ukafunguka wenyewe. Nikarudia, ikapanda. Nikampigia katibu simu nikiwa bado Beni, nikamwambia imekwisha.

Nikalala Beni. Asubuhi mlinzi akawasha groupe, kila kitu kikaamka pamoja, taa, friji, mashini, modemu ya kuleta intaneti, na tuneli haikuwepo. Niliandika amri kwa mkono, ikapanda palepale. Nje motard, mwenye pikipiki ya kunibeba, alikuwa anapiga honi, gari la Butembo lilikuwa linajaa, na watu walisema barabara itafungwa mchana. Nikajiambia ni jambo dogo. Na kweli lilikuwa jambo dogo. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Asiyekaa kwetu hatajua uzito wa lile ombi la katibu. Katika kanisa letu kitu kipya hakianzi kazi kabla ya kusimamishwa mbele ya watu: pikipiki ya muuguzi, mabati ya shule, hata friji ya chanjo. Aliyefanya kazi anasimama, anashuhudia kwamba imekamilika, kanisa linaitika Amina, mama wanapiga vigelegele. Kuanzia hapo kitu hicho si chako tena. Kimetolewa kwa Mungu. Kurudi baadaye kusema kina kasoro ni kama kusema ulimpa Mungu mbuzi kiwete na ulijua.

Nilisimama nikiwa nimevaa koti langu la harusi. Nilikuwa nimepanga kusema maneno machache, kwamba mashini zimewekwa na zinatembea, basi nikae. Nikasema, "Sasa Butembo na Beni zinazungumza zenyewe. Groupe ikiwaka, tuneli inapanda." Kanisa likaitika Amina. Ilikuwa Amina kubwa, ya kutikisa mabati. Katika miaka yangu yote ya phonie hakuna aliyewahi kuniitikia hivyo. Nikataka nyingine. Nikasema, "Hakuna mukono ya mutu!"

Maneno hayo hakuna aliyeniambia niyaseme. Katibu aliniomba nusu ya uongo, mimi nikauongeza ukawa mzima.

Pasta wetu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya depo, aliyachukua maneno yale akayahubiri. Hakuna mkono wa mtu, hakuna mkono wa mtu. Mwishoni akatangaza kwamba kwa kuwa kazi imekamilika, mtu yeyote wa Beni asiiguse ile mashini. Mama wa kanisa walinipa jogoo. Nilikwenda naye nyumbani chini ya kwapa, watu wananisalimia njiani.

Mtu wa Beni alikuwa binti yangu mkubwa.

Nimeandika hivi mpaka hapa bila kumtaja, na sasa naona kwamba hata katika kuandika nimemficha nyuma. Alikuwa amesomea dawa, akashika depo ya Beni kwa akili yake mwenyewe. Mimi sikumwombea kazi, ingawa wako waliosema nilimwombea. Kwa sababu ya maneno hayo alifanya kazi kama mtu anayetazamwa. Muuguzi wa Mbau akifika na sanduku lake la baridi kabla depo haijafunguliwa, alimkuta binti yangu amekwisha kufika.

Jumatatu alinipigia.

"Papa, tuneli haiko."

"Groupe inawaka?"

"Inawaka. Kila kitu kinawaka. Butembo tu ndiyo siioni."

"Zima mashini, mama, uiwashe tena."

"Lakini pasta amesema tusiiguse."

"Ni miye nakuambia."

Nikamsikia anangoja, pikipiki zinapita nyuma yake. Kisha akasema, "Imepanda."

"Bon. Ikikataa asubui, fanya vile. Lakini usizungushe maneno. Ni ya katikati yetu."

"Papa, si weye ulisema hakuna mukono ya mutu?"

"Umesikia wapi?"

"Beni muzima inasikia. Motard amenichokoza leo: dada, kumbe depo yenu sasa inafanya kazi bila batu, weye utaenda kuanika kakao?"

Tulicheka sana. Alikuwa na kicheko cha mama yake, kinachoanza kabla ya neno kuisha. Nilimwahidi nitashuka nitengeneze vizuri, na tangu siku ile kila asubuhi tuneli ikikataa alizima mashini akaiwasha mara ya pili. Mara ya pili haikukataa. Kwa hiyo binti yangu alivunja amri ya pasta kila siku kwa neno la baba yake, na neno hilo lilijulikana na sisi wawili tu.

Nilishuka Beni, tena si mara moja. Barabara ilikuwa na siku zake za kufungwa, siku nyingine magari yalingoja askari wayasindikize, nami nilikuwa nafika jua limekwisha kupanda. Naizima mashini, naiwasha, tuneli inapanda vizuri kabisa mbele ya macho yangu.

"Papa, lala hapa," alikuwa ananiambia. "Uone asubui, groupe ikiwaka."

Sikulala. Nilisema mama yako ananingoja, nilisema kifua kinanibana kwa joto la Beni. Ukweli ni kwamba jirani wa depo alikuwa shemasi, na niliogopa aniulize, "Muzee, umerudia nini tena kwa mashini yenye haina mukono ya mutu?" Nilitaka kutengeneza bila kuonekana natengeneza. Kazi ya namna hiyo haifanyiki, maana ugonjwa ulikuwa unatokea asubuhi tu, na asubuhi mimi nilikuwa Butembo.

Kisha ikafika siku mzigo mkubwa ulipoingia Beni. Asubuhi yake binti yangu aliwahi, akaanza kuingiza dawa zote kwenye mashini kabla wauguzi hawajafika. Akakumbuka tuneli. Akatazama, haiko. Akafanya nilivyomfundisha. Lakini mashini ilikuwa bado inaandika, na kuzima mashini inayoandika ni kama kumnyang'anya mtu kalamu katikati ya neno. Ilipoamka, hesabu ya dawa ilikuwa imeharibika. Tuneli ikapanda, ikaichukua hesabu ile mbovu ikaipeleka Butembo kama ilivyopangwa. Butembo tukaona kwamba Beni ina dawa ya malaria ya kuchoma sindano, rafu zimejaa. Hazikujaa. Ombi la Beni la dawa hiyo lilipofika, mtu wa ghala la Butembo akaliweka pembeni, akasema hao wanazo, wanaomba za nini.

Wauguzi wa Mbau walikuja na masanduku yao wakarudi nayo matupu. Watoto wenye homa kali walipakiwa kwenye pikipiki hadi hospitali kubwa ya Beni. Baadaye niliuliza mmoja mmoja, nikaambiwa wote walifika na wote walipona. Namshukuru Mungu. Lakini siku niliyoulizwa mimi, hilo nilikuwa bado silijui, na bado nilijibu nilivyojibu.

Kamati ilikaa Butembo, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Binti yangu alipanda na gari la kwanza. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwaya na vumbi la barabara lilikuwa limemshika mpaka nyusi. Walimpa kiti upande wa pili wa meza, akatazamana nami. Pasta hakuwa mkali. Nataka niseme haki, hakuna aliyekuwa mkali.

"Mama, mashini ya Beni ilizimwa?"

"Ndiyo, pasta."

"Nani aliizima?"

"Ni miye."

"Ni mara ya kwanza?"

"Hapana. Ni kila asubui yenye tuneli inakataa kupanda."

Chumba kikanung'unika. Mzee mmoja wa kamati akanigeukia kwa dhihaka. "Muzee, mutoto wako anajua mashini kukupita! Weye unasema inapanda, yeye anasema inakataa."

"Nani alikuruhusu kuizima?" pasta akamwuliza.

Kwetu mtoto hamshitaki baba yake mbele ya wazee. Hata akiwa mkubwa, hata akiwa na haki, anafika ukingoni anasimama, na baba ndiye anayemalizia. Yeye alisimama ukingoni kabisa.

"Ni mutu mwenye anajua mashini alinionyesha," alisema. "Yeye mwenyewe atasema."

Kisha akainua macho akanitazama. Hakuniomba kitu kwa macho yale. Alikuwa ananingoja tu, kwa amani, kama unavyomngoja mtu ambaye una uhakika anakuja.

"Muzee," pasta akasema, "ni weye?"

Nimekwisha kulirudia jibu langu mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi lilivyopangika vizuri. Nilisema, "Pasta, nilishuhudia mbele yenu kwamba inapanda yenyewe. Sasa nimwambie mutu aizime kwa sababu gani?"

Sikusema hapana. Niliuliza swali, na wao wakajijibu wenyewe. Wakati ule nilidhani kuna tofauti.

Binti yangu aliendelea kunitazama kidogo. Halafu akasema kwa Kinande, kwa heshima, sauti ya chini, "Wasingya, tata." Asante, baba. Walimwondoa kazini kwa maombi. Pasta alimwekea mkono kichwani.

Juma lililofuata kamati ilinituma Beni nimwonyeshe mashini kijana aliyechukua nafasi yake. Safari hii nililala Beni, kwa kuwa sasa nilikuwa na sababu ambayo shemasi jirani asingeweza kuicheka. Kulipokucha nikavuta kiti, nikakaa mbele ya modemu. Mlinzi akawasha groupe. Mashini iliamka upesi. Modemu haikuwa hivyo. Taa yake ilibaki nyekundu, inatafuta mtandao, inatafuta, wakati mashini imekwisha kusimama na kuuliza Butembo iko wapi. Hakukuwa na wa kuijibu. Tuneli iliuliza, ikakosa jibu, ikaacha, na haikujaribu tena. Ilipokuja taa ya kijani, hakuna aliyekuwa anauliza. Nilipokuwa najaribu mchana modemu ilikuwa imekwisha kuona mtandao zamani, na kwa hiyo kila jaribio langu lilifaulu. Binti yangu alipozima na kuwasha mara ya pili alikuwa anafanya kitu kimoja tu bila kukijua: alikuwa anaipa modemu nafasi.

Niliongeza mistari miwili. Inasema, ukishindwa, pumzika kidogo, ujaribu tena. Nikamwomba mlinzi azime kila kitu, tungoje, kisha awashe groupe kama asubuhi. Tuneli ikashindwa, ikapumzika, ikajaribu, ikashindwa. Taa ikageuka kijani. Ikapanda.

Chai aliyoniletea yule kijana ilikuwa bado ya moto.

Nilirudi Butembo nikijiambia kwamba angalau ushuhuda wangu sasa ni kweli. Sikuona nilichokuwa nimefanya. Nilikuja kukiona katika kikao kilichofuata, katibu aliposoma habari za Beni kwamba tuneli haijakataa hata asubuhi moja.

"Mumeona?" akasema yule mzee wa dhihaka. "Tangu binti aondoke, mashini haina shida. Shida ilikuwa vidole vyake."

Wote wakakubali. Pasta akaomba tumshukuru Mungu, tukainamisha vichwa. Mistari yangu miwili ilikuwa imekuwa shahidi dhidi ya mtoto wangu, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa pamoja nao. Hapo pia ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, hakuna aliyeniuliza hata swali la kunitega. Nikasema Amina.

Yeye alikuja kujua kwa njia nyepesi. Alikwenda depo kuchukua sufuria zake na mwavuli, na yule kijana, bila ubaya wowote, akamwambia baba yako alilala hapa, akaandika kitu, tangu hapo hatujapata taabu. Binti yangu alipanda gari kuja Butembo. Alitukuta uani, mama yake anachambua maharage. Hakukaa.

"Papa, uliongeza nini kwa mashini?"

"Mistari mbili."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kungojea modemu."

"Basi mbele haikukuwa inangojea."

"Hapana."

"Basi nilisema kweli."

"Ulisema kweli, mama."

"Unaniambia miye?" alisema. "Miye nilikuwa najua. Kabambie bale."

Mke wangu alikuwa ameacha maharage. Mpaka siku ile hakujua. Alinitazama mimi, akamtazama binti, akaniambia, "Simama kanisani Siku ya Mungu. Pale pale uliposimama."

"Nitasimama," nikasema. "Lakini tungojee kwanza. Pasta ana mukutano, bageni batarudia, si vizuri kanisa lisikie mbele ya bageni. Tutafute siku."

Binti yangu alichukua mwavuli wake. "Tafuta," akasema.

Sikuitafuta. Kila Jumapili ilikuwa na sababu yake: ubatizo, harusi, msiba, mvua. Katibu akastaafu. Pasta akahamishiwa mbali. Mashini zile zikachakaa, wakaleta nyingine, na vijana waliozileta hawakunihitaji. Nilikuja kusimama hatimaye, bila koti, mbele ya pasta mpya na nyuso ambazo nyingi sizijui, nikasema yote kwa utaratibu: asubuhi ya Beni, neno la katibu, neno langu nililoliongeza, simu, swali nililolijibu kwa swali. Waliniitikia Amina ya kawaida. Mlangoni mama mmoja alinishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Muzee, tuneli ndiyo nini?" Hawakuwa na haja tena na ukweli ule. Waliokuwa na haja nao walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Nilimtuma mke wangu akamweleze binti yetu kwamba nimesimama. Alirudi na jibu fupi: "Mwambie nimesikia."

Hajarudi katika kazi ya dawa. Depo nyingine za Beni zilimkataa kwa sababu habari zake zilikuwa zimetangulia, na leo ananunua kakao kwa wakulima wa barabara ya Mbau na kuiuza tena. Anaishi vizuri, nasikia. Kwenye mizani, akikosana na mtu juu ya uzito, bado yuko wa kumwambia, "Si ni weye ulizimaka mashini ya kanisa?" Mke wangu hushuka kumwona, anarudi na kakao ya kunywa na habari za wajukuu. Mjukuu wetu wa kwanza alipochumbiwa, mbuzi ambaye kwetu hupewa babu, baba wa mama, alipokelewa na mdogo wangu. Mimi nilikuwa hapa Butembo, mzima wa afya, na sikuitwa.

Nilisema neno moja kanisani ili nisionekane mtu asiyemaliza kazi yake. Kwa neno hilo binti yangu alipoteza kazi aliyoijua na jina alilolijenga kwa mikono yake, na mimi nikampoteza yeye. Yuko hai, yuko Beni, kwa gari ni asubuhi moja tu kutoka hapa, na haongei nami.